Ya Kupaka na Kunusa Tu

Kijijini kwetu, juu milimani kwenye mashamba ya tangawizi, bibi jirani yetu anaitwa Mpika Mafuta, na mimi nitamwita hivyohivyo. Ukoo wake na mahali alipozaliwa havinisaidii kumweleza. Linalonisaidia ni pua yake. Aliweza kusimama mlangoni kwenu, akavuta hewa mara moja, akasema, "Leo mmeunguza maharage, mkaongeza maji mkidhani hayatajulikana." Mama yangu alimwogopa kwa ajili hiyo. Mimi nilimpenda, halafu miaka hii ya karibuni nikaanza kumwogopa kwa sababu nyingine kabisa.

Mpika Mafuta ana ugonjwa wa utumbo mpana. Ukuta wa ndani wa utumbo unavimba na kutoka vidonda, unatoa damu, unatulia, kisha unaanza upya, na hakuna anayejua vizuri chanzo chake. Hospitali ya rufaa walimpa vidonge vya kumeza kila siku, pengine maisha yake yote, wakamweleza kwamba vikishindwa na damu ikiendelea, huenda wakalazimika kuukata utumbo huo na kumfungulia njia ya choo tumboni, iishie kwenye mfuko. Na mtu huyohuyo, uani kwake, anapika mafuta ya tangawizi na ya mchaichai, mafuta ambayo watu wa maabara wanayachunguza kwa matumaini kwa ajili ya magonjwa kama hayo. Mimi nililijua hilo. Yeye pia alilijua. Ndiyo maana nilikuwa nikifika kwake natazama chupa kabla ya kumtazama yeye.

Kupika mafuta kwake hakuhusiani na jikoni. Kuna pipa la chuma, maji chini, majani juu ya wavu, na moto wa kuni. Mvuke unapanda, unaingia kwenye mrija wa shaba uliozamishwa katika maji baridi, unatoka upande wa pili ukiwa matone. Maji yanakaa chini na mafuta yanaelea juu kama utando, ukiyakinga kwa subira. Gunia zima linatoa kichupa. Mtu mzima yeyote wa kwetu akiuona mtambo ule anajua asili yake: ni mtambo wa gongo. Mpika Mafuta alipika gongo kwa miaka mingi kabla hajaokoka, na hakuwahi kulificha. "Mungu aliniokoa mimi," alisema. "Pipa aliliacha, akaona litafaa."

Baada ya hapo akawa mzee wa kanisa, na kwa pombe akawa mkali kuliko mchungaji. Hata hivyo mgambo walikuja siku moja na taarifa kwamba anapika tena. Mama alikuwa akichungulia kwenye ua, ndiye aliyenisimulia. Mpika Mafuta hakubishana. Aliwakalisha kwenye benchi, akawapa chupa.

"Nuseni."

Wakanusa mchaichai.

"Nuseni."

Wakanusa tangawizi. Walipofika kwenye mkaratusi, mkubwa wao alipiga chafya mpaka kofia ikadondoka.

"Hiyo ni gongo?" Mpika Mafuta akamwuliza.

"Hapana, mama. Hii ni dawa ya mafua."

"Sijakuuliza kama ni dawa. Nimekuuliza kama ni gongo."

"Si gongo."

"Haya, mwambie na mwenzako aseme."

Wenzake walicheka, Mpika Mafuta hakucheka. Alingoja mpaka kila mmoja atamke kwa kinywa chake kwamba wamekosea, ndipo akawafungulia mlango.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi kuliko ng'ombe, na yeye hakufanya lolote kuupunguza utani huo. Mtambo unataka maji baridi yanayopita muda wote. Aliyatoa kwa mpira kwenye mfereji wa kijiji, kisha akayarudisha palepale, pamoja na maji ya kuoshea pipa. Wenye mashamba ya chini wakalalamika kwamba zamu zao za kumwagilia zinawafikia zikiwa vuguvugu na zinanukia. Mzee mmoja alisimama mbele ya kamati ya maji akasema mbuzi wake wamekataa kunywa.

"Wamezoea harufu ya mwenye nyumba, nzuri hawaijui," akajibu Mpika Mafuta.

Vikao viliendelea msimu mzima. Alishindwa. Akachimba kidimbwi cha kupoozea maji, akaacha kuyarudisha mferejini, na baadaye akampelekea yule mzee kichupa cha mkaratusi kwa ajili ya kifua chake kilichokuwa kinambana. Alimpa na kanuni yake, ileile aliyompa kila mtu: ya kupaka na kunusa tu.

Kanuni hiyo ilimkosesha wateja wengi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Bendera, kule tambarare, alikuwa akipanda kuja kununua mafuta ya tangawizi ya kuuza dukani kwake. Alikuwa mtu wa adabu, mcheshi, na kila safari alijaribu.

"Bibi, watu wa kule chini wanauliza. Hata tone moja kwenye chai?"

"Unataka tangawizi kwenye chai?"

"Ndiyo."

"Shamba lile pale. Ng'oa, osha, twanga, kunywa. Hii niliyokuuzia ni gunia zima lililoingia kichupani. Wewe unaweza kula gunia?"

"Siwezi, Bibi."

"Basi usimlishe mtu."

Mimi nilirudi nyumbani na shahada ya sayansi ya chakula na hofu ya kila kitu. Ajira haikuwapo. Mama akanituma kwa jirani nikamsaidie kuandika lebo, kwa sababu mwandiko wa Mpika Mafuta ulikuwa unasomeka na yeye mwenyewe tu. Niliandika lebo moja asubuhi nzima. Niliwaza kama neno "safi" ni ahadi ambayo mtu anaweza kutushtaki kwayo. Niliwaza kama nikiandika "usinywe", mtu hatajiuliza, kumbe yananyweka? Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Msomi, unaandika lebo au unaandika wosia?"

Kitu kimoja tulikibishania kwa muda mrefu. Kwenye gongo, yale yanayotoka kwanza kwenye mrija humwagwa, yanaitwa kichwa, na watu wanajua yanaua. Mpika Mafuta alihama kutoka gongo kwenda mafuta pamoja na mkono wake wa zamani: matone ya mwanzo aliyamwaga chini kila alipowasha moto. Nilimwambia kwamba kwenye mafuta ya majani hakuna kichwa cha namna hiyo, na kwamba yale ya mwanzo ndiyo yenye harufu nyingi. Alisema cha kwanza ni cha shetani. Nilimwambia tena. Akasema nitakapozaa nitamwelewa, jambo ambalo mpaka leo sijaona linahusianaje. Lakini siku moja alikinga matone ya mwanzo kwenye kichupa chake peke yake, ya baadaye kwenye kingine, akaenda navyo kwenye mazoezi ya kwaya. Hakuwaambia akina mama kipi ni kipi. Wakanusa wote, wakachagua kile cha matone ya mwanzo. Alirudi, akaketi kwenye kigogo. Kisha akasema, "Nimemwaga mafuta miaka yote hii," na tangu siku hiyo hakumwaga tena.

Nalisimulia hilo kwa sababu ndivyo alivyo. Maneno hayamhamishi. Anahamishwa na kitu alichokijaribu mwenyewe. Nilipoelewa hatari ya tabia hiyo nilikuwa nimeshaisifu mara nyingi.

Ugonjwa ulipokuja, kwanza uligombana na lugha. Daktari alimwandikia na kumweleza vizuri: vidonda vya utumbo mpana. Kijiji kikasikia vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao kila nyumba inaujua na kila nyumba ina dawa yake. Wakaja na juisi ya kabichi. Wakaja na maziwa. Wakamkataza makande, akawa hana la kula. Kanisani, kwenye matangazo, mtangazaji akasema tumwombee mzee wetu anaumwa tumbo. Mpika Mafuta akasimama hapohapo kwenye benchi.

"Si tumbo. Ni utumbo. Herufi moja imepungua."

Vijana wa nyuma wakaziba midomo. Kwa vijana, utumbo ni maneno ya hovyo, upuuzi. Mmoja wao, dereva wa bodaboda, alimngoja nje akamwambia kwa utani, "Bibi, leo umetuambia utumbo mbele ya mchungaji." Wote tukatazama chini. Lakini yeye alicheka mpaka akashika mlingoti wa kengele. "Wangu unavuja damu, wako unatokea mdomoni," akasema. "Tuombeane."

Jirani mmoja hakusamehewa upesi. Alimshauri, kwa nia njema, ashuke tambarare kwa mtaalamu mmoja mwenye dawa za mizizi. Mpika Mafuta aliinuka akaacha chai yake. Kwake yeye, mtu wa namna hiyo hakuwa na tofauti na mpiga ramli, na mzee wa kanisa hapiti mlango huo hata akiwa anakufa. Hawakuamkiana tena mpaka mavuno yakapita.

Hofu yake halisi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachuja mafuta. Nilikuwa nimeshika faneli. Alisema bila kunitazama, "Huo mfuko. Unakaa nje ya nguo au ndani?"

"Ndani, Bibi. Hauonekani."

"Kuonekana si shida. Unanuka?"

Nilimweleza nilichosoma, kwamba mifuko ya siku hizi imefungwa vizuri, kwamba watu wanaishi nayo, wanasafiri, wanafanya kazi. Yote yalikuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niliyewanusisha watu mchaichai kanisa zima," akasema. "Niingie mlangoni watu wavute hewa."

Akaichukua faneli mkononi mwangu. Akaendelea kuchuja mwenyewe.

Ndipo akaanza kutaka nimsomee. Alikuwa amesikia redioni, nusunusu, kwamba mafuta ya mimea yanafanyiwa utafiti kwa ajili ya utumbo wenye vidonda. Akaniambia nitafute kwenye simu. Nilitafuta, na niliyoyapata niliyageuza kwa Kiswahili papo hapo, nikikwama kila mstari. Neno moja la Kiingereza lilinisumbua sana. Ni uvimbe? Ni mwako? Mwishowe nikasema utumbo unavimba kwa hasira. "Kumbe umenifuata mimi," akasema.

Alitaka kusikia yote. Nikamwambia kwamba sehemu kubwa ya majaribio ni ya panya. Wanapewa kitu cha kuwaunguza utumbo, kisha wanapewa mafuta ya mmea fulani, halafu utumbo wao unachunguzwa.

"Wanapona?"

"Wengine uvimbe unapungua."

"Na watu?"

"Kwa watu bado hakuna la uhakika, Bibi. Hawajui kiasi, hawajui yakikaa mwilini muda mrefu yanafanya nini. Mengine yanaunguza yakinywewa yalivyo."

"Kwa hiyo kazi ipo, haijaisha."

"Haijaisha."

Wiki iliyofuata yule mfanyabiashara wa Bendera alipanda tena na ombi lake la chai. Nilimsikia Mpika Mafuta akimjibu, "Waliopata nafuu ni panya. Wewe una mkia?" Bwana yule alicheka, nami nikapumua. Nilidhani suala limefungwa. Nilikuwa sijaona kwamba jibu alilompa mwingine si lazima liwe ndilo alilojipa mwenyewe.

Nikaanza kuona mambo madogo. Kitenge kilimzunguka kiunoni mizunguko mingi kuliko zamani. Njia ya kwenda chooni aliifyeka ikawa pana. Chupa ya mafuta ya tangawizi iliyokaa juu ya rafu, ambayo si ya kuuza, ilikuwa inashuka. Siku moja nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," na marahaba yake ikanijia na harufu ya tangawizi.

Kwetu hilo halithibitishi chochote. Chai ni tangawizi, uji ni tangawizi, mikono ya kila mtu ni tangawizi. Lakini mafuta yale yana harufu yake, nyepesi, ya juujuu, kama kuna limau ndani, bila ule ukali wa koo. Ukali unabaki kwenye pipa na makapi. Iliyonijia ilikuwa hiyo. Nilirudi nyumbani nikaichambua mpaka ikakosa maana. Labda alikuwa amenusa tu. Labda tone lilimrukia mdomoni wakati wa kuchuja. Labda mimi ndiye niliyekuwa nanukia, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda kwenye lebo. Mama akaniuliza mbona sili. Nilisema tumbo. Akaniletea maziwa.

Siku chache baadaye nilimkuta akisugua pipa kwa majivu. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kamwe: jani moja, pipa moja. Akimaliza mchaichai analisugua, anachemsha maji matupu mpaka mvuke utoke bila harufu, ndipo atie tangawizi. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Nilisimama nikitafuta namna ya kuuliza. Mtu wa umri wangu hamhoji mtu wa umri wake kuhusu kinachoingia mdomoni mwake, hata kama ana shahada, hasa kama ana shahada.

"Bibi, vile vidonge vinaendeleaje?"

"Vipo."

"Unavimeza?"

Hakuacha kusugua. "Wewe ukitia majani mawili humu kwa pamoja, mafuta yakatoka mazuri, utamsifu nani?"

Nilidhani anazungumzia pipa. Nilimjibu kuhusu pipa. Nilieleza kwa kirefu kwamba harufu huingiliana na kwamba haiwezekani kuzitenganisha bila maabara. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kana kwamba nimempa ruhusa fulani. Nikaaga. Nilikuwa nimefika kwenye migomba ya mama, mkono umeshika lango, nilipoelewa.

Alikuwa ameacha vidonge. Hakuviacha kwa uvivu wala kwa kuvidharau. Aliviacha ili kipimo kiwe cha haki, kama alivyowapa akina mama wa kwaya vichupa viwili. Alitaka kujua ni kipi kinachomtibu, na kwa akili yake ya upishi njia ilikuwa moja tu, kuosha pipa kwanza. Pipa lilikuwa mwili wake.

Nilirudi mbio. Nilimkuta anatoka chooni akiwa ameegemea ukuta, uso umekuwa kama unga. Alijinyoosha aliponiona.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau... kiberiti."

"Wewe huvuti sigara."

"Mama amenituma."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoka na kiberiti, akaniwekea kiganjani. "Keshokutwa nina siku yangu hospitali," akasema. "Utanishikia mkoba."

Tulishuka Same alfajiri, tukapanda basi la barabara kuu.  Yeye alikuwa amekaa upande wa dirishani na kitenge mapajani, akijikaza kila basi liliporuka tuta. Mimi nilikuwa naandaa sentensi. Nilizipanga, nikazipangua. Nikimwambia daktari, nimemvunjia heshima bibi ambaye ameniamini kushika mkoba wake. Nisipomwambia, watamkata utumbo kwa kosa la vidonge ambavyo havikumezwa. Nilitafuta sentensi isiyomvunjia mtu heshima wala kumkata mtu utumbo. Mkonge ukapita, milima ikapita, sikuipata.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko ambavyo binti wa Bibi angekuwa. Alimwamkia kwa adabu, akamwekea kiti karibu na meza, nami nikakaa kwenye stuli nyuma kidogo, mkoba magotini. Akasoma majibu ya vipimo vya asubuhi ile. Akakunja uso.

"Bibi, damu imerudi."

"Imerudi."

"Nyingi?"

"Ya kutosha."

"Vidonge unavyo?"

"Ninavyo. Hivyo hapo kwenye mkoba."

Daktari akaandika. Nilihisi pakiti ndani ya ngozi ya mkoba, nene, ngumu, haijapungua. Jibu lilikuwa la kweli. Swali lilikuwa limepita pembeni.

"Kuna dawa za kienyeji unazotumia? Niambie tu, sitakugombeza."

Mpika Mafuta alijinyoosha kitini. "Dawa za kienyeji! Mimi ni mzee wa kanisa, daktari. Sijakanyaga huko tangu nizaliwe."

Alisema kwa hasira ya kweli, na nikaona kwamba hakuwa anadanganya hata kidogo. Kwake, kienyeji ni mizizi, ni hirizi, ni mtu wa tambarare. Mafuta yaliyopikwa kwenye pipa lililosuguliwa, yakachujwa na kutiwa kwenye chupa yenye lebo, hayakuwa na undugu na neno hilo.

"Samahani, Bibi," daktari akasema. Akaweka kalamu chini. "Basi nitakueleza ukweli. Kama unameza dawa vizuri na hali imefika hapa, dawa zimeshindwa. Tulishalizungumza hili. Ningependa daktari wa upasuaji akuone leo."

Mkono wake ukaenda kwenye simu ya mezani.  Mpika Mafuta aliuangalia ule mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la kitenge, vinaling'ang'ania, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona mtu mzima ambaye hajui la kufanya.

"Daktari," nikasema. Sauti ilitoka ikiwa nyembamba. Sikumtazama bibi. "Samahani. Kwetu ukisema kienyeji, watu wanaelewa mganga. Naomba umuulize kuhusu mafuta."

Mkono ukasimama juu ya simu.

"Mafuta gani?"

 Nilihisi joto la macho ya Mpika Mafuta ubavuni mwa uso wangu.

"Nayapika mwenyewe," akasema hatimaye, taratibu, akimwambia daktari. "Ya tangawizi. Safi. Watu wanapaka, wananusa."

"Na wewe, Bibi? Unapaka?"

"Mimi nakunywa."

"Kiasi gani?"

Akaonyesha kwa kidole, nusu ya kijiko. Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Na vidonge?"

"Nimeviweka pembeni. Nilitaka kujua."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

Daktari akaondoa mkono kwenye simu. Akavuta kiti chake upande wa pili wa meza, akaketi karibu naye, magoti yakikaribia kugusana. "Bibi, unajua umenipa habari gani? Nilikuwa nasema dawa zangu zimeshindwa. Hazijashindwa. Hazikuwamo."

"Na mafuta yangu?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Kuna watu wanayachunguza. Huenda siku moja mtu akatoa humo kitu kilichopimwa, kwa kiasi kinachojulikana, kikamsaidia mgonjwa kama wewe. Hakijafika. Ila haya ya kijiko, na damu hii ninayoiona hapa, sioni kama yamekutibu. Nina wasiwasi yamekuunguza."

Mpika Mafuta alitazama mikono yake. Nilijua anachofanya, alikuwa anapitia miezi yote ile, siku baada ya siku, kama mtu anayetafuta tundu kwenye mrija. Nilitaka kusema neno la kumfariji, nikatunga matatu, yote yakawa mabaya.

"Nikianza tena vidonge," akasema, "huyo wa upasuaji?"

"Simwiti leo. Tuanze, tuongeze na dawa ya kutuliza uvimbe kwa muda mfupi, unione mapema, tuangalie. Siwezi kukuahidi. Lakini bado ninacho cha kujaribu, na nilidhani sina."

Akanigeukia. Nilijiandaa kwa chochote. Akanyoosha mkono.

"Lete mkoba."

Nikampa. Akatoa pakiti, akabandua kidonge kwa ukucha, akaomba maji. Daktari akamimina kwenye kikombe akamwekea. Mpika Mafuta alikishika kile kidonge kwa vidole viwili, kisha akagundua kwamba namtazama.

"Daktari aone, ni kazi yake," akaniambia. "Wewe geuka."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa kijani na msumari usiobeba kitu. Nikaukazia macho. Nikawaza atakificha chini ya ulimi. Nikawaza kitamkwama. Nikawaza hatasema nami tena njia nzima mpaka Same, na huenda maisha yote, na kwamba nitakubali.

Nikasikia akimeza. Kikombe kikagota mezani.

"Haya," akasema, sauti yake ikiwa imerudi mahali pake. "Kingine saa ngapi?"